Ujumbe mmoja, SMS tatu: kutatua matatizo ya foleni za ujumbe kwenye wingu

Bi mmoja muuza nazi wa Kongowea alinipigia simu asubuhi, kwa ule upole wa mtu aliyekwisha kasirika.

"Mwanangu, nazi zangu ni magunia kumi au thalathini?"

"Ni kumi, mama."

"Basi mbona simu yangu imelia mara tatu, kila mara yaniambia magunia kumi yamefika? Nimeshaita mikokoteni mitatu. Hao wawili wa ziada utawalipa wewe."

Nikawalipa. Kisha nikafungua logi za programu yetu, yaani kumbukumbu za kila inachofanya: ujumbe ule ule ulichukuliwa saa 06:14:02, tena 06:14:32, tena 06:15:02. Aliyewahi kushika Amazon SQS, huduma ya Amazon ya foleni za ujumbe, akiona sekunde 30 zikijirudia namna hiyo hana haja ya kuuliza mengi. Foleni ilifanya kazi yake sawasawa. Aliyekosea ni mimi.

Haya ndiyo malalamiko ninayoyasikia zaidi kwa wenzangu wanaojenga mifumo juu ya foleni za wingu. Mifano mingi ni ya SQS maana ndiyo niliyoizoea; pale ambapo wenzake, Google Pub/Sub na Azure Service Bus ya Microsoft, zinakwenda njia yao, nimetaja.

Lakini tuelewane kwanza jinsi foleni inavyofanya kazi. Mfikirie mwenye duka pale Marikiti na mahamali wake. Mzigo umeandikwa daftarini. Hamali mmoja anauchukua, mwenye duka anaufunika ule mstari kwa kidole, ila haufuti. Ataufuta hamali akirudi kusema "nimefikisha". Asiporudi kwa muda waliokubaliana, kidole kinaondolewa na hamali mwingine anapewa kazi ile ile. Foleni haijui kama hamali wa kwanza ameanguka njiani au amekwama tu kwenye msongamano wa mikokoteni. Inajua kitu kimoja: muda umepita na hakuna aliyerudi. Kupokea ujumbe si kuufuta, na sehemu kubwa ya matatizo yaliyo hapa chini huzaliwa kati ya hayo mawili.

"Mteja anapata kitu kimoja mara mbili, mara tatu"

Kabla hujabadili mstari wowote wa msimbo, linganisha MessageId, namba ya utambulisho wa ujumbe, za zile nakala. Ni kazi ya dakika mbili na inagawa tatizo katikati. Namba zikiwa tofauti, programu iliyotuma kwenye foleni imetuma mara mbili. Namba ikiwa moja, mpokeaji, yaani programu inayochukua jumbe kwenye foleni, ndiye anayerudia.

Ikiwa ni namba moja, sababu ya kwanza kushuku ni muda wa kufichwa, ule wa kidole cha mwenye duka. SQS huuita VisibilityTimeout, na usipoupanga mwenyewe ni sekunde 30. Kwenye Pub/Sub muda wa kuthibitisha ni sekunde 10 usipougusa, na unaweza kufika 600. Service Bus hufunga ujumbe kwa dakika zisizozidi 5. Kazi yako ikichukua sekunde 50, kwa SQS mpokeaji wa pili ataupata ujumbe kabla wa kwanza hajamaliza. Kwetu, kampuni iliyokuwa ikitusafirishia SMS ilikuwa inatuma papo hapo lakini inachelewa kutujibu. SMS ya bi ilikwishafika, programu yangu bado inangoja jibu, foleni ikahesabu kwamba hamali amepotea.

Kuna mtego hapo ulionichukua siku nzima kuuona. Kila unapopokea ujumbe, SQS inakupa stakabadhi ya kufutia, ReceiptHandle, na kila mapokezi yana stakabadhi yake. Mpokeaji wa kwanza alipomaliza kwenye sekunde ya 50 akafuta kwa stakabadhi yake ya zamani, huku mwenzake ameshapokea upya. SQS ilijibu kwamba ombi limekubaliwa, na ujumbe haukufutwa. Logi zangu zote zikasema "umefutwa" na zote zilikuwa zinanidanganya. Mara ya tatu jibu la SMS lilirudi haraka, stakabadhi ilikuwa bado mbichi, ndipo mambo yakaisha. Lingechelewa tena, yule bi angekuwa na mikokoteni minne.

Jingine la jamaa hii hii ni kupokea kwa mafungu. SQS inakuruhusu kuchukua jumbe 10 kwa ombi moja, nasi tunafurahia kwa sababu ni nafuu. Saa ya zote kumi inaanza kuhesabu pamoja. Kila mmoja ukila sekunde 4 na unazishughulikia moja baada ya nyingine, wa kumi unaanza kuguswa baada ya sekunde 36, wakati ulishaonekana upya kwenye foleni tangu sekunde 6 zilizopita. Ukiona nakala nyingi wakati wa kazi nyingi na hakuna nakala wakati wa utulivu, anza hapa.

Tiba nyepesi: pima kazi yako inapochelewa zaidi, wala usiangalie wastani, kisha panga muda wa kufichwa mara kadhaa zaidi ya hapo. Kwa wanaotumia AWS Lambda, huduma ya Amazon ya kuendesha msimbo bila seva yako, ushauri wa wenyewe ni angalau mara sita ya muda wa juu wa kazi. Kama kazi hutofautiana sana, programu iwe inaomba nyongeza ikiwa bado inafanya kazi, kwa ChangeMessageVisibility. Mwisho wa nyongeza ni saa 12 tangu ujumbe ulipopokelewa.

Sababu ya pili kwa wingi ni msimbo unaomeza kosa. Kazi imekwisha vizuri, mstari unaofuata ukaandika logi, logi ikashindwa, programu ikatoka kabla ya kufuta. Soma njia yote kutoka kumaliza kazi hadi kufuta ujumbe. Pasiwe na kitu hapo katikati.

MessageId zikiwa tofauti, angalia upande wa mtumaji. Mara nyingi alituma, mtandao ukakatika kabla ya jibu kumfikia, akatuma tena. Foleni ya FIFO, ile inayotoa jumbe kwa mpangilio zilivyoingia, inaweza kukusaidia kwa kutozifikisha nakala, lakini kumbukumbu yake ni ya dakika 5 tu. Nakala ya dakika ya sita inapita kama mgeni mpya.

Mwisho kabisa, na kwa nadra, foleni yenyewe. Foleni ya kawaida ya SQS imeahidi kufikisha ujumbe angalau mara moja. Haijaahidi mara moja tu. Kwa hiyo hata ukirekebisha yote hayo, mpokeaji wako bado lazima avumilie kurudiwa. Weka jedwali lenye namba ya oda na aina ya kazi, likatae safu mbili zinazofanana. Kabla ya kutuma, jaribu kuandika humo. Ikikataa, kazi ilishafanywa, futa ujumbe uendelee.

Kuna wanaoniuliza: niandike kabla ya kutuma au baada? Ukiandika kabla na programu ikazimika, SMS haitakwenda kamwe. Ukiandika baada, inaweza kwenda mara mbili. Kwa SMS mimi huandika baada. Afadhali mteja asumbuke kuliko nazi zioze. Kwa pesa sithubutu: naandika "imeanza" pamoja na namba ya kumbukumbu ya muamala, na mpokeaji wa pili akiikuta hali hiyo haruhusiwi kulipa. Anauliza kwanza kwa mlipaji kama muamala ule ulipita.

Simama hapa: ikiwa kilichorudiwa ni malipo, usianze kurejesha pesa kwa skripti uliyoiandika usiku ule. Zima mpokeaji, acha jumbe zikae kwenye foleni, mwite anayeshika hesabu. Jumbe zinaweza kungoja. Marejesho yaliyokosewa hayarudi kwa urahisi.

"Natuma, najibiwa vizuri, lakini hakuna kinachofika"

Angalia anwani ya foleni herufi kwa herufi. Foleni yenye jina moja inaweza kuwapo Cape Town na nyingine Ireland, na kwa SQS hizo ni foleni mbili zisizojuana. Angalia pia akaunti.

Kisha uliza ofisini: nani mwingine anasoma foleni hii? Hapa pana kisa. Siku mbili tulipoteza takriban nusu ya oda. Nikakagua ruhusa, nikakagua mtandao, nikasoma nyaraka hadi adhana ya alfajiri. Kumbe kijana wetu wa mafunzo alikuwa amewasha programu kwenye laptopu yake kwa majaribio, ikielekezwa kwenye foleni ya kazi, akaifunika kwa kitambaa akaenda kwao Mtwapa kwa harusi. Laptopu ilikuwa inapokea oda kwa bidii na kuziandika kwenye hifadhidata yake ya majaribio. Tangu siku hiyo funguo za foleni ya kazi haziko kwenye laptopu ya mtu yeyote, yangu ikiwamo.

Kama hakuna mwizi, tazama namna unavyouliza. Ukiuliza SQS bila kungoja, inachungulia baadhi tu ya seva zake na inaweza kukujibu "hakuna" hali jumbe zipo. Weka WaitTimeSeconds kuwa 20, ambacho ndicho kiwango cha juu. Itazungukia seva zote, na bili yako itashuka, kwa sababu hata ombi linalorudi mikono mitupu linalipiwa.

Tazama pia kama foleni imepewa ucheleweshaji. Unaweza kufika dakika 15, na mtu aliyeuweka kwa majaribio husahau. Kwa Pub/Sub, kumbuka kwamba usajili, ambao ndio mpokeaji huchukulia jumbe, hupokea yaliyotumwa baada ya wenyewe kuundwa, hivyo ukituma kwanza ukasajili baadaye, usingoje kitu. Na usajili uliolala siku 31 bila kutumika hufutwa, usipobadili mpangilio huo.

Kwa kosa la kunyimwa ruhusa, watu hutazama ruhusa ya foleni wakasahau ufunguo wa usimbaji. Foleni iliyosimbwa kwa ufunguo wako wa KMS, huduma ya Amazon ya kutunza funguo, humtaka mtumaji awe na ruhusa ya kuzalisha ufunguo wa data na kufungua, na mpokeaji awe na ya kufungua. Usimpe kila mtu ruhusa zote "kwa muda". Muda huo hauishi.

"Foleni inarefuka na haipungui"

Usitishwe na idadi. Jumbe 40,000 zinazomalizika kwa dakika 3 hazina neno. Tazama umri wa ujumbe mkongwe kuliko wote, ApproximateAgeOfOldestMessage. Ukipanda mfululizo, mpokeaji anashindwa.

Kisha soma namba mbili pamoja: zinazoonekana na zilizofichwa. Zinazoonekana zikipanda na zilizofichwa zikiwa sifuri, hakuna anayepokea. Mpokeaji amekufa, mwamshe. Zilizofichwa zikiwa nyingi na hazishuki, wanapokea lakini hawafuti. Rudi juu kwenye kisa cha nazi. Zote zikiwa za kadiri na foleni bado inakua, kazi imezidi mikono.

Hapo fanya hesabu kabla ya kuongeza seva. Jumbe 50 kwa sekunde, kila mmoja ukila sekunde 0.2, kunahitajika wapokeaji 10 ili foleni isikue tu. Ukiwa nao 12 unamaliza 60 kwa sekunde, ziada 10. Limbikizo la jumbe 36,000 litakwisha kwa saa nzima. Mweleze bosi hiyo saa nzima mapema, asikupigie kila dakika tano.

Lakini kama kila ujumbe unangoja hifadhidata moja iliyochoka, wapokeaji zaidi ni kuongeza abiria kwenye kivuko cha Likoni kilichokwisha jaa. Usiku wa kuamkia Idd niliwahi kuongeza wapokeaji kutoka 8 hadi 40. Miunganisho ya hifadhidata ikajaa, hata wale 8 wa mwanzo wakasimama. Pima kwanza muda unaliwa wapi.

"Ujumbe mmoja unarudi, unarudi, unarudi"

Huu ni ujumbe wenye sumu. Kila anayeugusa anaanguka, nao unarudishwa. Kwetu ulikuwa oda ya mteja mwenye jina lenye ng'. Ile alama ya ng' ilifunga maandishi katikati ya ombi la hifadhidata lililoungwa kwa mkono, na ombi likavunjika. Kwa nchi hii, ambako majina ya ng' yamejaa, ni ajabu kwamba tulikaa miezi bila kukutana nayo. Dawa ni kupitisha thamani kama vigezo na kuacha kuunganisha maandishi.

Kila foleni iwe na foleni ya pembeni ya jumbe zilizoshindikana. Panga maxReceiveCount, idadi ya juu ya mapokezi, tuseme 5. Ujumbe ukipokelewa zaidi ya hapo bila kufutwa unahamishiwa huko. Service Bus yenyewe huhamisha baada ya majaribio 10 usipobadili. Mambo mawili watu huyakosa. Kwa foleni ya kawaida ya SQS, ujumbe ukihamishwa hauanzi umri upya, kwa hiyo ipe foleni ya pembeni siku nyingi kuliko ile kuu. Na ukifungua ujumbe kwenye ukurasa wa usimamizi ili kuusoma tu, hayo yanahesabiwa kuwa mapokezi. Nimeona watu wakichungulia ujumbe usio na kosa lolote mpaka wakaupeleka pembeni wenyewe.

Kwenye FIFO, ujumbe wenye sumu hufunga wote wa kundi lake walio nyuma yake. Hiyo ni sababu ya kutoziweka oda zote kwenye MessageGroupId moja, yaani kundi moja. Kila oda iwe kundi lake.

Usirudishe jumbe za pembeni kwenye foleni kuu kabla hujarekebisha kosa. Zikiwa maelfu na hujui zimekaa kwa sababu ngapi, mtafute aliyeandika mfumo muangalie sampuli pamoja.

"Zimefika zimepindana"

"Imefutwa" imefika kabla ya "imeagizwa". Foleni ya kawaida haikuahidi mpangilio. Tumia FIFO, au weka namba ya toleo kwenye kila ujumbe na mpokeaji akatae ya zamani. Mimi napenda namba ya toleo, kwa kuwa inakulinda hata ujumbe ukirudiwa.

"Umepotea kabisa"

Kupotea kweli ni nadra, lakini kuna milango minne.

Wa kwanza ni kufuta kabla ya kazi kwisha. Wa pili ni umri: SQS huhifadhi siku 4 usipobadili. Mpokeaji akifa Alhamisi jioni kabla ya Pasaka na watu wakarudi kazini Jumanne, oda za Alhamisi zimekwisha kufutwa. Weka siku 14, kiwango cha juu. Wa tatu ni kutuma kwa mafungu: SendMessageBatch inaweza kujibu 200, yaani "sawa", huku ndani ya jibu baadhi zimekataliwa. Soma orodha ya zilizoshindwa kila mara. Wa nne ni mtu aliyebonyeza "Purge", kitufe cha kufuta jumbe zote. Hakuna kurudisha. Ukijikuta unafikiria kuibonyeza ili "kuanza upya" kwenye foleni ya kazi, ondoka mezani, kanywe kahawa, rudi na mtu wa pili.

"Muda unaisha, kisha inarudi yenyewe"

Mara nyingine kosa liko baharini. Mombasa ndipo nyaya nyingi za intaneti za Kenya zinapotua: TEAMS na SEACOM tangu 2009, EASSy tangu 2010. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Kenya, Tanzania na majirani wakapata intaneti ya kusuasua. Seva ikiwa ofisini kwako Mombasa na foleni yako Cape Town, siku kama hiyo utaiona kwenye logi kabla ya kuisikia redioni.

Jaribu kufikia huduma nyingine iliyo kanda ile ile. Nayo ikikwama, acha kuchimba msimbo. Kinachosaidia huandaliwa mapema: andika ujumbe kwenye jedwali la hifadhidata yako katika muamala ule ule wa oda, kisha programu ndogo iuhamishie foleni mtandao ukiwapo. Majaribio ya kurudia yaachane kwa muda unaoongezeka maradufu, pamoja na bahati nasibu kidogo, la sivyo seva zako zote zitapiga hodi sekunde moja mtandao ukirudi.

Kabla ya kumpigia mtaalamu

Usingoje kumpigia ikiwa funguo za akaunti zimevuja, hata kwa dakika kumi kwenye hazina ya msimbo iliyo wazi. Zizime kwanza. Kama jumbe zina majina na namba za simu za wateja, mwite na mwanasheria: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, uvujaji unaoweza kuwadhuru wahusika huripotiwa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ulipoujua.

Kwa mengine, uwe na MessageId tatu au nne, jina kamili la foleni na kanda yake, ulichobadili mwisho, na saa. Saa ndiyo hutupotezea muda. Wingu huandika kwa UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa 3, na mteja anahesabu Kiswahili. Yule bi wa nazi aliniambia SMS zilianza "saa tatu na robo hivi". Nikafungua logi za 03:15, tupu. Nikafungua za 09:15, tupu. Zilikuwa kwenye 06:14.